MBA au Uhusiano wa Kimataifa? Jibu kwa msomaji wa Kigoma

Swali

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27, ni binti wa Mwanga, Kigoma. Nilimaliza shahada ya uchumi 2020. Nilifanya kazi na shirika moja la misaada kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, mpaka mradi ulipokwisha, na sasa niko kwenye kampuni ya uwakala wa forodha. Tunapeleka saruji na bidhaa za madukani Kalemie, Uvira na Bujumbura. Nimepata nafasi mbili za uzamili Uingereza, zote bila ufadhili. Moja ni MBA, yaani uzamili wa uendeshaji wa biashara, niliyotafutiwa na wakala wa Dar es Salaam. Nyingine ni Uhusiano wa Kimataifa, niliomba mwenyewe. Baba anasema MBA ndiyo yenye hela, na yuko tayari kuuza kiwanja cha Gungu ili alipe ada. Wenzangu niliowaacha kambini wanasema bila uzamili wa kimataifa hupandi cheo Umoja wa Mataifa. Mimi ndoto yangu ni biashara ya nchi hizi zinazozunguka ziwa: kwanza nifanye kazi kwenye taasisi inayoisimamia, baadaye niwe na kampuni yangu. Nichague ipi?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza kabisa mwombe mzee asiuze kiwanja. Elimu inaweza kuwa na thamani ya kiwanja na zaidi, ila nafasi hizi mbili ulizonazo mkononi hazijafika huko. Vyuo vingi vya Uingereza vinategemea sana ada za wanafunzi wa kigeni, na mtu mwenye shahada ya uchumi yenye alama nzuri na Kiingereza cha kutosha hapati taabu kubwa kukubaliwa. Wakala aliyekutafutia MBA naye, kwa utaratibu wa kawaida wa kazi hiyo, hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi anayesajiliwa na kulipa. Ni kazi halali. Lakini anayelipwa na muuzaji hawezi kuwa mshauri wa mnunuzi, na orodha aliyokuonyesha ni ya vyuo alivyoingia navyo mkataba, basi.

Jibu langu kwa kifupi ni hili: tafuta uzamili wa mambo ya kimataifa wenye uchumi na biashara ya kimataifa ndani yake, ulipiwe na mfadhili. MBA iache mpaka uwe umeongoza watu na bajeti, na wakati huo ikiwezekana mwajiri ndiye alipe. Sasa nikueleze kwa nini, maana hali yako ina mambo ambayo mtu wa Dar asingeyaona.

MBA inakufundisha kampuni kutoka ndani. Muhula wa kwanza ni uhasibu, fedha, masoko, uendeshaji na mkakati. Vyuo vingi hufundisha kwa visa: mnapewa kurasa kumi au kumi na tano za kisa cha kampuni halisi, mnazisoma usiku, na asubuhi profesa anamtaja mtu mmoja kwa jina aanze: wewe ungekuwa meneja wa hawa ungefanya nini? Mtindo huo ulikomaa Harvard miaka ya 1920 na umeenea dunia nzima. Darasa la namna hiyo linaishi kwa uzoefu wa waliomo. Aliyewahi kufika tarehe 25 akaunti haina hela ya mishahara, au aliyewahi kuachisha watu kazi, ana cha kusema na ana cha kujifunza. Ndiyo maana kwenye vyuo kama INSEAD na London Business School wanafunzi huingia wakiwa na uzoefu wa wastani wa miaka mitano hivi, na mtihani wa kuingilia, GMAT au GRE, huulizwa mapema kabisa. MBA isiyouliza uzoefu wala mtihani itakukalisha na vijana waliotoka shahada ya kwanza jana, mkijadili kampuni ambazo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuendesha mfano wake.

Fungua barua yako ya MBA uangalie waliomba nini. Kama walitaka transkripti na cheti cha Kiingereza tu, umeshaijua MBA hiyo. Angalia pia kama shule ya biashara ya chuo hicho ina ithibati ya AMBA, EQUIS au AACSB. Hizo tatu ndizo zinazotambuliwa na waajiri wanaojua MBA ni nini. Kisha uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kama wataitambua shahada ya chuo hicho ukirudi nayo. Uliza sasa, kabla hujalipa.

Uhusiano wa Kimataifa nao una sura mbili, na hapa ndipo waombaji wengi wa kwetu wanapopotea, kwa sababu jina la shahada ni lile lile. Kuna uzamili wa kinadharia: nadharia za dola na mamlaka, historia ya Vita Baridi, tasnifu ndefu mwishoni. Unamfaa anayetaka kuendelea na uzamivu au kufundisha. Na kuna uzamili wa kitaaluma, unaotolewa na shule zilizoundwa kuandaa watu wa kazi: Taasisi ya Geneva iliyoanzishwa 1927, Fletcher ya Chuo Kikuu cha Tufts iliyoanzishwa 1933, SAIS ya Johns Hopkins, SIPA ya Columbia, shule ya mambo ya kimataifa ya Sciences Po mjini Paris. Nyingi ziko ndani ya umoja wa shule hizo uitwao APSIA, na mara nyingi masomo ni miaka miwili. Huko utakuta uchumi mdogo na uchumi mpana, takwimu, biashara ya kimataifa, sheria ya kimataifa, majadiliano, na kazi moja ambayo haikuachi ulale: kuandika dokezo la kurasa mbili.

Dokezo hilo ndilo linalotenganisha shule hizi na nyingine, kwa hiyo nikupe mfano wa mazingira yako. Unaambiwa waziri ana dakika tano kabla ya kuingia kwenye kikao. Upande wa Kongo wameanzisha ukaguzi mpya wa mizigo Kalemie, saruji ya Tanzania inakaa gatini, na wenye maboti wanalalamika. Eleza tatizo kwa aya moja. Toa njia tatu, kila moja na gharama yake na nani atakasirika. Pendekeza moja, na useme nani apigiwe simu leo. Anayeweza kuandika hivyo kwa ushahidi wa takwimu anatafutwa na kila taasisi utakayoitaja. Na wewe, binti wa uchumi uliyekaa na manifesti na hati za forodha, unaweza kuliandika ukiwa na nusu ya habari tayari kichwani.

Basi chukua ile barua yako ya pili uangalie orodha ya masomo ya lazima. Ukiona nadharia mbili, mbinu za utafiti na tasnifu, na biashara ya kimataifa imewekwa kama somo la hiari ambalo huenda lisifundishwe mwaka huo, kozi hiyo haikufai hata ungepewa punguzo. Uzamili wa mwaka mmoja wa Uingereza mara nyingi uko hivyo, ingawa si wote. Zipo kozi za uchumi wa siasa wa kimataifa na za sera ya biashara zilizo nzuri. Usiangalie jina la chuo kwanza. Soma orodha ya masomo, halafu utafute ripoti ya ajira ya wahitimu, uone wanafunzi waliotoka Afrika walikwenda kufanya kazi wapi. Shule isiyotoa ripoti hiyo, waandikie uwaombe. Wakikwepa, ondoka.

Sasa ndoto yako. Umeitaja kwa mpangilio mzuri kuliko unavyodhani: taasisi kwanza, kampuni baadaye. Tuichukue hivyo hivyo.

Taasisi zinazosimamia biashara ya ziwa lile zinajulikana. Ipo Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha, ambayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia 2022. Ipo wakala wa uwezeshaji wa uchukuzi wa Ukanda wa Kati, Dar es Salaam. Bujumbura iko sekretarieti ya Mkutano wa Kimataifa wa Nchi za Maziwa Makuu, na iko Mamlaka ya Ziwa Tanganyika. Nairobi iko TradeMark Africa, shirika la kurahisisha biashara. Accra iko Sekretarieti ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, na Abidjan ndiko makao makuu ya Benki ya Maendeleo ya Afrika. Keti jioni moja usome matangazo ya kazi ya taasisi hizo, hata yaliyopita muda wake. Utakuta wanaomba uchumi, biashara ya kimataifa, sheria ya biashara, uhusiano wa kimataifa. MBA utaiona kwenye nafasi za fedha, manunuzi na utawala. Hizo nazo ni kazi nzuri, lakini hujaniambia kwamba unataka kuwa mkuu wa manunuzi.

Na upo mahali ambapo hoja yako haihitaji kupambwa. Reli ilifika Kigoma 1914 kwa sababu ya ziwa hilo hilo. Reli ya kisasa inajengwa kutoka Tabora kuja huko, na kuna tawi la Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Mji wako una ubalozi mdogo wa Burundi na wa Kongo, jambo ambalo miji mingi mikubwa kuliko Kigoma haina. Mwombaji wa Nairobi au Dar akiandika kuhusu biashara ya Maziwa Makuu anaandika alichosoma. Wewe unaandika ulichokihangaikia gatini wiki iliyopita.

Wenzako wa kambini wana nusu ya ukweli. Nafasi nyingi za kitaalamu za Umoja wa Mataifa huomba uzamili, ingawa shahada ya kwanza pamoja na miaka zaidi ya uzoefu hukubaliwa mara nyingi. Ule mpango wao wa vijana wataalamu unadai shahada ya kwanza tu, umri usiozidi miaka 32, na nchi yako iwe kwenye orodha ya mwaka huo. Nenda ukaangalie orodha kila mwaka. Nafasi za kimataifa, zile za ngazi ya P, kwa kawaida humpeleka mtu nje ya nchi yake, kwa hiyo usidhani uzamili utakurudisha Kasulu kwa mshahara wa kigeni. Zaidi ya hapo, sekta yenyewe imepigwa. USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa Julai 2025, na mwaka huo huo UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilipunguza wafanyakazi wengi sana. Mradi wako wa Nyarugusu kuisha hakukuwa mkosi wako peke yako. Wapo watu wenye uzamili na miaka kumi ya uzoefu wanaogombea nafasi ulizokuwa ukizitazama. Ukienda kusoma mambo ya kimataifa, nenda kwa ajili ya biashara na uchukuzi. Usiende kwa ajili ya kurudi kwenye misaada.

Mzee naye ana nusu yake, na umweleze kwa heshima. MBA ina hela, kweli, kwenye shule chache ambazo benki kubwa na kampuni za ushauri wa biashara huja chuoni kuajiri. Shule hizo nchini Marekani, ukijumlisha ada na gharama za maisha kwa miaka miwili, zinapita dola 200,000. Anayezilipia kwa mkopo huulipa kwa mshahara wa New York au London, na lazima abaki huko kwa miaka. Ukibeba deni la aina hiyo ukarudi Kigoma, kila uamuzi utakaofanya utaamuliwa na deni. Na kubaki nako kunazidi kuwa kugumu. Uingereza imetangaza kwamba ile ruhusa ya miaka miwili ya kutafuta kazi baada ya masomo itashuka hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Marekani sera za visa kwa raia wa nchi za Afrika zimebadilika mno tangu 2025. Usilipe ada yoyote ya maombi huko kabla hujathibitisha na ubalozi wao hali ilivyo kwa pasipoti ya Tanzania siku hiyo.

Kuhusu kampuni yako mwenyewe, nisikilize vizuri. Kampuni ya uwakala wa forodha inahitaji leseni kutoka TRA, dhamana, wateja wanaokuamini na watu wanaojua kazi. Kuna cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, kinachofundishwa kupitia Chuo cha Kodi. Kama huna, kitafute. Kitakusogeza karibu na kampuni yako kuliko MBA ya chuo hicho cha wakala, kwa gharama ndogo mno ukilinganisha. Maarifa ya biashara unayohitaji hatua ya kwanza, yaani kusoma mizania, kupanga mtiririko wa fedha, kupigia bei safari ya boti hadi Uvira, utayapata kwa bosi wako ukimwomba akushirikishe hesabu. Baadaye, ukishakuwa na wafanyakazi wako na maswali ambayo huwezi kuyajibu, MBA ya jioni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya ESAMI, chuo cha menejimenti cha Arusha, itakuwa na maana kubwa kwako, kwa sababu utaingia darasani na kisa chako mwenyewe.

Ukitaka mfano wa mtu aliyetanguliza kazi, mtazame Dkt. Salim Ahmed Salim. Alikuwa balozi Cairo mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Uzamili wake wa mambo ya kimataifa wa Chuo Kikuu cha Columbia aliupata baadaye, akiwa tayari mtu wa kazi, na kutoka hapo akaja kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini leo kina jina lake. Zama zile nchi ilikuwa changa na milango ilikuwa wazi, hilo nalikubali, lakini mpangilio wake unafaa hata leo: shahada ilimkuta na swali.

Tuje kwenye nani alipe, maana hapa pana habari itakayokuamulia mengi. Wafadhili wakubwa wanaelemea upande wa maendeleo na sera kuliko MBA. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaotolewa na Uingereza kwa kawaida haulipii MBA. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanakubali MBA lakini wameweka kikomo cha ada watakayolipa, na MBA zenye jina zinakipita, kwa hiyo ungetafuta tofauti mfukoni. Kozi za uzamili wa kawaida hulipiwa vizuri zaidi. Chevening wanataka saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili hivi, nawe unazo. Na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili, sharti ambalo kwako si mzigo kwa sababu ndoto yako iko huku. Dirisha lao huwa linafunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba.

Ujerumani ndiko ningekusukuma zaidi. Vyuo vya serikali vya huko kwa sehemu kubwa havitozi ada ya masomo, isipokuwa vichache, kama vya jimbo la Baden-Württemberg vinavyotoza euro 1,500 kwa muhula kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana mpango wa kozi zinazohusu maendeleo, wenye masharti mawili yanayokugusa: uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na shahada yako ya mwisho iwe haijapita miaka sita. Wewe ulimaliza 2020. Mlango huu kwako unafungwa, kwa hiyo ndio wa kuugonga kwanza. Na humo kwenye orodha yao imekuwepo kozi inayonikumbusha barua yako kila ninapoiona: MBA ya Chuo Kikuu cha Leipzig ya kuendeleza biashara ndogo na za kati, mpango wa SEPT. Hiyo ni MBA iliyotungwa kwa watu wa nchi kama zetu, wanaozungumza habari za mikopo midogo, masoko ya mipakani na biashara za familia. Ukiipata hiyo kwa ufadhili, ichukue, na usahau niliyosema juu ya kuahirisha MBA.

Japani nako kuna mpango wa ABE, wa shirika lao la JICA, kwa vijana wa Afrika: uzamili kwa Kiingereza pamoja na muda wa mafunzo kwenye kampuni za Kijapani. Unapokea watu wa sekta binafsi, na wewe sasa ni mtu wa sekta binafsi.

Halafu ipo njia ya tatu ambayo sijui kwa nini haitajwi vya kutosha: sera na sheria ya biashara ya kimataifa. Taasisi ya Biashara Duniani ya Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, ndiyo kazi yake hiyo. Na karibu zaidi, pale Arusha, kuna TRAPCA, kituo cha mafunzo ya sera ya biashara kilichoanzishwa 2006 kwa ushirikiano wa ESAMI na Chuo Kikuu cha Lund cha Sweden. Wanaosoma pale ni maofisa wa wizara, forodha na sekretarieti za kanda kutoka nchi nyingi za Afrika. Hutaweka picha ya theluji mtandaoni, lakini wanafunzi wenzako ndio watakaokuwa upande wa pili wa simu mzigo wako ukikwama. Mtandao wa wahitimu una maana pale ambapo wahitimu hao wapo kwenye ofisi unazozishughulikia. Mhitimu mwenzako aliyeko benki ya London hatakusaidia Kalemie.

Lolote utakalochagua, anza Kifaransa mwezi huu. Nasema kwa mkazo kwa sababu naona waombaji wazuri wanaachwa kwa hilo tu. Pande mbili za ziwa lako, Burundi na Kongo, hati za serikali huandikwa kwa Kifaransa. Benki ya Maendeleo ya Afrika inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2021 waliridhia Kifaransa na Kiswahili ziwe lugha rasmi. Taasisi ya Geneva hufundisha kwa Kiingereza na Kifaransa, na shule kama Fletcher hudai lugha ya pili, ambapo Kiswahili chako ni mtaji. Kigoma imejaa Warundi na Wakongo waliosoma kwa Kifaransa; mwalimu utampata Mwanga hapo hapo au Katubuka, kwa bei isiyofika robo ya unayolipishwa Dar. Soma kwa lengo la cheti cha DELF ngazi ya B1 kwanza. Usijiwekee lengo la “kuelewaelewa”.

Lililobaki ni insha ya maombi. Nikikuacha bila kuligusa utaandika kama wanavyoandika wengi: tangu utotoni nilipenda kuisaidia jamii yangu. Anayesoma maombi anaziona sentensi hizo mpaka macho yanauma. Andika ulichokiona gatini Kibirizi. Mama wa Kirundi amenunua katoni za sabuni iliyotengenezwa Tanzania, thamani haifiki dola 2,000. Chini ya taratibu za Jumuiya, mzigo wa kiasi hicho unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachojazwa pale pale mpakani, bila ushuru wa forodha. Sasa eleza kinachotokea hasa: ana cheti? Anajua kipo? Nani alimwambia, nani hakumwambia, na kwa nini inakuwa rahisi kwake kumpa mtu wa boti hela apitishe kimya kimya kuliko kujaza karatasi moja? Ulifanya nini wewe ukiwa kwenye dawati la kampuni yako, na ni kitu gani usichokijua kinachokuzuia kufanya zaidi? Hapo ndipo kozi inapoingia: nataka somo hili na hili, kwa sababu swali langu ni hili. Chevening wanauliza uongozi, watu unaoshirikiana nao, sababu za kozi na mpango wa kazi. Kisa hicho kimoja kikichimbwa vizuri kinajibu yote manne. Majina ya watu na ya wateja usiyataje, na mweleze bosi wako kabla hujaandika kitu kinachohusu kampuni.

Bosi huyo ndiye pia wa kukuandikia barua ya utambulisho, pamoja na aliyekusimamia Nyarugusu na mhadhiri mmoja wa uchumi. Wape muda wa kutosha, na uwape rasimu ya insha yako, ili wasiandike kwamba wewe ni mchapakazi na mwaminifu halafu wakaishia hapo. Mwombe bosi ataje jambo moja uliloliamua mwenyewe na matokeo yake.

Kuhusu zile nafasi mbili, usizikatae moja kwa moja. Waandikie vyuo vyote viwili wiki hii, kwa barua pepe fupi, uwaambie unatafuta ufadhili na unaomba kuahirisha nafasi hadi mwaka unaofuata. Wengi hukubali kuahirisha mara moja tu, bila malipo. Wa MBA mwandikie chuo chenyewe, usipitie kwa wakala. Angalia tarehe ya mwisho ya kulipa amana kwenye kila barua, na kama tarehe iko karibu usilipe ili “kushikilia nafasi” tu, kwa sababu amana hizo mara nyingi hazirudi.